Maneno Waliyomwekea Della Mdomoni

Jumanne, tarehe 11 Machi mwaka 1924, asubuhi na mapema, walinibandika kofia kichwani kwa gundi. Kufika mchana nilikuwa mgane.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnanijua. Mimi ni Otis Pruitt, yule mfupi mnene wa picha za kuchekesha ambaye nchi nzima ilimwita Bwana Kofia. Nilianza kuanguka jukwaani kabla sijajua kusoma, na huko kusoma kwenyewe hadi leo ni kwa kubabaisha. Nimewaeleza jinsi Bwana Crewe, mwenye studio ya Edendale, alivyonilisha nyama na viazi, akanisifu hadi nikaona aibu, kisha akasogeza sahani na kuweka mkataba wa miaka saba mahali pale pale. Nikaandika jina langu. Ndicho kitu pekee nilichoweza kuandika bila msaada.

Della, mke wangu, ndiye aliyekuja kunisomea tulipofika nyumbani. Sura yangu ni yao. Jina ni lao. Kofia ni yao. Nyumba tunayolala ni yao. Nikiondoka kabla ya miaka saba, siruhusiwi kumchekesha mtu yeyote, mahali popote.

"Kwa hiyo hata nikijikwaa barabarani watanishtaki?" nilimuuliza.

"Wewe jikwae kwa heshima tu," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Ndivyo alivyokuwa Della. Kwenye picha alikuwa mke wa Bwana Kofia, na nyumbani alikuwa mke wa Otis. Huko kwenye picha alinipiga kwa kikaango. Nyumbani hakunipiga, ingawa sababu alikuwa nazo.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu lazima mlielewe, maana bila hilo hamtajua nini kilimuua.

Picha zile hazikuwa na sauti. Mchekeshaji anapiga mayowe, anarusha mikono, anatoa macho, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Akivunjika mguu kweli atafanya yale yale. Nani atajua? Ndiyo maana sisi watu wa kuanguka tulikuwa na ishara yetu tangu enzi za jukwaani. Ukiumia kweli, unavua kofia unaitupa chini. Kofia ikienda chini, kamera inasimama na kila mtu anakukimbilia. Kofia ikiwa kichwani, hata uwe unaungua, wanakuacha uungue, maana wakikukimbilia bure wameharibu picha na bosi atawafukuza.

Ishara ile ilituweka hai miaka yote.

Kisha Bwana Crewe akaenda kutazama picha yetu moja mbele ya watu. Ndani yake natumbukia mtoni, kofia inaelea inakwenda zake. Akasema kofia ilipoondoka, kicheko nacho kiliondoka. Watu wanamtaka Bwana Kofia, akasema, hawamtaki Bwana Kipara. Akatoa amri. Kuanzia siku hiyo kofia yangu ibandikwe kwa ile gundi ya ndevu za bandia, isiyobanduka ila kwa mafuta ya taa, na ile ya Della, yenye matunda mekundu pembeni, ishonewe kwenye nywele zake za bandia, na hizo nywele zibandikwe.

Nilikwenda kwa Fitch, mwongozaji wetu. Nilimwuliza, tukikwama tutawaambiaje?

"Inueni mikono," akasema.

"Bwana, mimi nalipwa kuinua mikono."

Fitch alicheka sana. Akamwita Emil, mpiga picha wetu, nirudie na yeye asikie. Nikarudia. Emil hakucheka, alinitazama tu huku akifuta kioo cha kamera. Fitch akasema gundi ni amri kutoka juu, na yeye hana mabega ya kubishana na watu wa juu. Watu wa juu wenyewe walikuwa wanakunywa kahawa kivulini hapo hapo, na hawakuwa na haja ya kuvaa kofia.

Picha ya Jumanne ile ilikuwa hivi. Jiko la nyumba ndogo, limejengwa ndani ya tanki. Ukuta wa mbele ni kioo kinene, na kamera iko nje ya kioo. Bomba linapasuka, maji yanapanda, mimi na Della tunagombana nani afunge, sahani zinaelea, maji yanafika kifuani. Hapo Fitch anavuta kamba, ukuta wa nyuma unaanguka, na sisi tunasukumwa na maji hadi bustanini kwa jirani. Mlango ulipigiliwa misumari usije ukafunguka mapema.

Kando ya kamera kulikuwa na gurudumu la chuma. Ukilizungusha, maji yote yanatoka kwa chini. Lilikuwa la kufanyia usafi jioni tu. Hakuna aliyepewa kazi ya kulisimamia.

Della alikuwa anaogopa maji. Tangu tulipoambiwa habari za tanki alikuwa hali vizuri, analala akishtuka. Lakini asubuhi ile, wakati wanamshonea kofia, nilimkuta ametulia, hata anaimbaimba. Nikamwuliza vipi.

"Nimeshaongea," akasema.

"Na nani?"

"Wewe shughulika na kofia yako, mzee."

Nikadhani amesali. Nikamwacha.

Maji yakapanda. Tukagombana vizuri, akanipiga na ufagio, nikampiga na mkate uliolowa. Nje ya kioo niliwaona wote watatu. Fitch ameshika tumbo kwa kucheka. Bwana Crewe, ambaye si kawaida yake kuja, amesimama na sigara yake. Emil anazungusha mkono wa kamera taratibu, kama mtu anayesaga kahawa.

Maji yakafika kifuani. Fitch akavuta kamba.

Ukuta haukuanguka. Mbao zilikuwa zimevimba kwa maji.

Akavuta tena. Nikageuka, nikampa Della mgongo, nikaanza kuupiga ukuta kwa bega. Nikapiga mayowe. Nikainua mikono. Huko nje wakazidi kucheka, maana sijawahi kuigiza vizuri vile. Nikashika kofia yangu niivue. Ikagoma. Nikaivuta kwa mikono miwili hadi nikasikia ngozi ya paji la uso inaachana na nyama, na bado kofia iko pale.

Gauni la Della lilikuwa limenasa kwenye mguu wa jiko la chuma. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Mimi nilipogeuka niliona matunda mekundu tu, yako juu ya maji.

Kamera ilisimama Emil alipoona damu yangu. Hakuna aliyemwambia asimame. Walivunja kioo kwa shoka.

Kwenye baraza la uchunguzi wa kifo walituuliza mmoja mmoja. Bwana Crewe akasema hajui habari za ishara yoyote. Fitch akasema hakuambiwa kitu. Kila mmoja akasema gurudumu halikuwa kazi yake. Ilipofika zamu yangu nilisimama na bandeji kichwani, nikaanza kueleza, na machozi yakanitoka. Nikamwona mzee mmoja wa baraza anaziba mdomo kwa leso. Mwenzake kando naye mabega yanamtikisika. Nilipozidi kulia wakazidi kuinama. Uso huu walikuwa wamezoea kuuona ukilia kila Jumamosi, na mke wangu ananiandama na kikaango.

Wakaandika ajali.

Tulimzika Della, na baada ya mazishi Bwana Crewe akanishika bega. Akasema pole. Akasema picha imebaki mwisho wake tu. Nilimwambia sitaimalizia. Hakugombana nami. Aliutoa mkataba kwenye mfuko wa koti, pale pale makaburini, akaupigapiga kwenye kiganja.

"Utakwenda wapi, Otis? Kufanya nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Wewe huna hata uso wa kwako."

Wakaleta msichana, wakamvalisha gauni la aina moja na lile la Della, wakampiga picha kwa nyuma. Wakanibandika kofia juu ya kidonda. Nikambeba yule msichana nje ya maji, nikacheka, kama mkataba unavyotaka.

Jioni moja Emil alikuja kwangu. Alikaa na kofia yake mapajani, kahawa ikapoa hajaigusa. Akaniambia ile filamu ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera siku ya tukio, ameiharibu. Amewadanganya wakubwa kwamba iliungua kwenye dawa ya kusafishia filamu. Imebaki nakala moja tu, hiyo wanayoikatakata yeye na Fitch kuitengeneza picha.

"Sitaki shemeji achekwe, kaka," akasema. "Tuimalize na hiyo iliyobaki."

Nilimshukuru. Katika watu wote wa studio ile, ni yeye peke yake aliyefika nyumbani kwangu.

Tukapanga. Bwana Crewe alikuwa na desturi, picha ikikaribia kukamilika anaipeleka ukumbi wa mji mdogo bila kutangaza, anakaa nyuma na kusikiliza watu wanacheka wapi. Safari hii ilikuwa Glendale, Jumamosi mchana. Emil ndiye angebeba makopo ya filamu. Wakimaliza tu kuonyesha, angepita nayo mlango wa nyuma. Mimi ningekuja na kiberiti. Filamu zile huwaka kama petroli, ukigusa tu imekwisha.

Bwana Crewe aliniamuru nihudhurie na kofia. Siku hiyo haikuwa na gundi, ilifunika kovu tu. Nikakaa katikati yake na Fitch, kama mahabusu.

Taa zikazimwa. Mpiga piano akaanza muziki wa kuchezea ngoma za harusi. Watu wakaanza kucheka mapema, bomba halijapasuka hata. Halafu maji yakaanza kupanda.

Nikauona mgongo wangu, napiga ukuta kwa bega. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha nikamwona Della.

Sikuwa nimewahi kuona. Siku ile nilikuwa nimempa mgongo. Sasa nikamwona amekuja hadi kwenye kioo, maji shingoni, viganja viwili juu ya kioo, na midomo inasema. Inasema kitu kwa haraka, inarudia. Halafu picha ikakatika, yakatokea maandishi meupe kwenye weusi.

Mimi husoma kwa kuunganisha herufi, kwa hiyo ukumbi ulicheka kabla sijamaliza.

MUME WANGU, KUMBE NDIYO MAANA HUPENDI KUOGA!

Ndivyo walivyomwekea mdomoni. Mke wangu anakufa, nao wamemtafutia mzaha wa kusema.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama, nimevua kofia, nimeitupa chini katikati ya njia. Kofia chini. Simamisheni. Watu watatu katika ukumbi ule waliijua ishara ile, mmoja yuko kulia kwangu, mwingine kushoto, na wa tatu, Emil, yuko juu kwenye chumba cha mashine. Picha haikusimama.

Mwanga wa mashine ulinipiga kwenye kovu. Watu wakageuka, wakanitambua. Wakapiga makofi. Bwana mmoja akambeba mtoto wake begani anione vizuri.

Bwana Crewe akanivuta koti.

"Kaa chini, Otis," akanong'ona. "Lakini hiyo ya kutupa kofia ni nzuri. Tutaitumia picha ijayo."

Hapo ndipo nilipomwona bibi mmoja. Alikuwa safu ya mbele yangu, amevaa nguo nyeusi, na katika ukumbi mzima ni yeye pekee aliyekuwa hacheki. Alikuwa analia. Alinitazama, akatazama tena kule mbele, akamkamata binti yake mkono na kumburuta kuelekea mlangoni. Nikawafuata. Fitch alinyoosha mguu anizuie, lakini miguu ya kuniangusha nimeruka maisha yangu yote.

Niliwakuta nje juani, karibu na muuza karanga. Bibi alikuwa anazungumza kwa vidole, haraka haraka, na binti anajaribu kumtuliza.

"Samahani, mzee," binti akaniambia. "Mama hasikii tangu akiwa mdogo. Anauliza yule mwanamke ni nani wako."

"Ni mke wangu."

Binti akamgeuzia kwa vidole. Bibi akaniwekea mkono kifuani.

"Anakupa pole. Anauliza kwa nini mmemwandikia uongo."

Nilimwambia sielewi. Yule binti akaona haya kidogo, akanieleza kwamba viziwi wanaopenda picha hizi huwa hawafuati maandishi, wanafuata midomo. Akasema mama yake hacheki wanapocheka wengine. Anacheka wapenzi wanapokumbatiana, maana anawaona wanavyotukanana.

"Kwa hiyo aliona alichosema Della?"

Bibi hakungoja kutafsiriwa. Alikuwa anautazama mdomo wangu, na jina lile alikuwa amelishika. Vidole vikaanza, na binti akawa anavifuata, sauti yake ikizidi kushuka.

"Anasema, 'Uliniahidi.' Anasema, 'Gurudumu. Zungusha gurudumu, uliniahidi.' Anarudia mara nyingi. Halafu anaita jina la mtu."

"Langu?"

"Hapana. Mama anasema hakukutazama wewe kabisa. Alikuwa anamtazama mtu aliye nje ya kioo."

"Jina gani?"

Binti akauliza. Bibi akatikisa kichwa polepole.

"Anasema midomo ilifunguka kulitaja, na hapo hapo yakaingia maandishi. Yalipotoka, jina lilikuwa limepita."

Nimeshaongea, Della alisema asubuhi ile. Kumbe hakuwa amesali.

Niliwaacha bila hata kuaga. Nikazunguka jengo mbio, na kiberiti kinacheza mfukoni. Njia nzima nilikuwa nafikiri jambo moja. Nimekuja kuichoma filamu ile watu wasimcheke Della. Nikiichoma, nimemfunga mdomo mwenyewe. Nisipoichoma, Bwana Crewe ataipeleka miji yote ya nchi hii, na kila Jumamosi mke wangu atakufa kwa muziki wa harusi.

Na jina lile halimo. Aliyeweka maandishi pale alijua anafunika nini. Jina lilikuwa kwenye kipande kilichokatwa, na lilikuwa kwenye ile asili.

Ile asili.

Picha ilikuwa imekwisha, na Emil alikuwa uani nyuma ya ukumbi, jua kali, kando ya pipa la majivu. Ameshaifungua filamu kutoka kwenye kopo, imelala chini miguuni pake mizunguko kwa mizunguko.

"Fanya haraka, kaka," akasema. "Bosi anakutafuta huko ndani. Lete kiberiti."

Nikakitoa mfukoni. Sikumpa.

Nilimwangalia mikono. Mkono wa kulia ndio aliokuwa akizungushia kamera siku ile. Wa kushoto haukuwa na kazi, na gurudumu lilikuwa upande wa kushoto. Lakini Fitch naye alikuwa pale na mkono mmoja kwenye kamba. Na Bwana Crewe alikuwa pale, hana alichoshika ila sigara. Yeyote kati yao angeweza kumwambia mwanamke mwenye hofu kwamba usijali, nitalizungusha.

"Emil," nikasema, "nani alimwahidi Della?"

Hakuniuliza ahadi gani.

Alisimama pale, na filamu imemzunguka miguu, midomo inacheza bila sauti. Bibi yule kiziwi laiti angekuwepo. Halafu Emil akavua kofia yake, akainama, akaiweka chini.

Ilikuwa ishara yetu. Kofia ikienda chini mtu ameumia kweli, na kila mtu anakukimbilia.

Mimi sikusogea. Nikafungua kiberiti, nikatoa njiti moja, nikamwuliza tena.

"Ni wewe, Emil, au kuna mtu unamficha?"